Wifi Yuko Dunguni

Kibiti, Jumatano. Mvua ya masika inanyesha tangu alfajiri na haina dalili ya kukoma. Nimejifungia chumbani na kompyuta.

Nikiri tu: mfumo wangu unadanganya, na aliyeufundisha kudanganya ni mimi.

Ni mfumo wa kliniki za wajawazito. Mama akihudhuria, jina lake linawaka kijani. Asipohudhuria linawaka nyekundu, na nesi anaulizwa na wakubwa wake. Niliuandika mwenyewe, nikaweka sharti kwamba hakuna nafasi ya kuachwa wazi. Nilijiona fundi kweli kweli.

Leo asubuhi nilikuwa nakagua taarifa za zahanati moja ya huku delta, maana kesho wageni kutoka Dar wanakuja kuuona mfumo. Nikakutana na jina la Zainabu, mke wa kaka yangu. Mimba ya miezi saba. Alihudhuria Jumatatu, presha 110 kwa 70.

Jumatatu Zainabu alikuwa dunguni.

Ana wiki ya tatu kule shambani, kwenye kibanda cha juu ya nguzo, anafukuza ndege wasimalize mpunga. Chakula chao cha mwaka mzima kiko pale. Nani auache aende kupima presha? Na mimi niliyelelewa kwenye madungu hayo hayo sikukumbuka kuweka mahali pa kuandika hivyo.

Nikampigia nesi, Mama Mwanahawa, aliyenichanja nikiwa mchanga. Hakukataa.

"Mwanangu, mashine yako haikubali nikiacha wazi. Nyekundu zikizidi, naambiwa mimi ndiye sifanyi kazi. Ulitaka nifanyeje?"

Wote waliohamia madunguni kawaandikia 110 kwa 70.

Nikisema kesho, mama huyu anafukuzwa kazi na kustaafu kwenyewe kumekaribia. Nikinyamaza, ninawaonyesha wageni uongo wangu huku natabasamu.

Kibaya zaidi ni cha jana. Zainabu alinitumia ujumbe wa sauti: kichwa kinamgonga, miguu imevimba hata ndala hazimwingii. Nikafungua mfumo, nikaona kijani, sikusoma hata tarehe. Nikamjibu, "Usiwe na wasiwasi wifi yangu, uko sawa." Naona aibu hata kuiandika.

Nilipokata simu ya nesi nilimpigia kaka. Ameshaondoka na mtumbwi kumfuata, ampeleke hospitali. Kisha nikaongeza sehemu mpya kwenye mfumo: "Yuko dunguni, afuatwe." Nikafuta presha ya uongo ya Zainabu. Jina lake limewaka nyekundu.

Chini yake yapo mengine kumi na moja ya walio madunguni, yote kijani, yote 110 kwa 70. Hayo sijayafuta. Nikiyagusa hayo, hakuna tena cha kumkinga Mama Mwanahawa.

Wa kwetu nimeshamtumia mtumbwi. Hawa kumi na moja, wifi zao wa kuwatumia mtumbwi wako wapi?