Mtamba wa Pakiteng

Korogwe,
Agosti 2010

Kaka yangu Kisemei,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji Nashilu na watoto mkiwa wazima, na kwamba mvua imewakumbuka huko Kang'ata. Mimi mwili hauna neno, moyo ndio unaoumwa. Nikipiga simu boma zima litasikiliza, ndiyo maana nimeandika.

Habari yenyewe ni ya yule mtamba niliyekuomba unitengee. Tafadhali usimpeleke Hale.

Unaukumbuka ule mchezo wa kompyuta ninaoucheza kwenye kafe ya intaneti ya rafiki yangu Isaka. Ulinicheka kwamba nachunga ng'ombe wasio na samadi. Watu wa nchi nyingi tunaingia mle kwa pamoja, tunafuga, tunachimba madini, tunauziana sokoni kwa dhahabu ya mchezo. Mle ndimo nilimompata yule mtu wa Hale. Nilimpa fahali wangu bora, akanipa ndama, na yeye ndiye aliyeanza kuniita Pakiteng, kama sisi tunavyoitana tukishapeana ng'ombe. Nilifurahi kupita kiasi. Na kwa kuwa waliopeana ng'ombe huacha kuitana majina, sikuwahi kumwuliza lake.

Mama alipofariki nilimweleza. Akajibu, "Pole, Pakiteng. Niko pamoja nawe." Hapo nikaona huyu anastahili ng'ombe wa kweli, mwenye kwato na maziwa.

Juma lililopita Grasiana, muuguzi wa Lutindi ambaye naye hucheza pale akishuka mjini, aliniuliza Pakiteng maana yake nini, kwani kuna mtu wa Hale anamwita hivyo. Grasiana alikuwa amemlalamikia mtu huyo kwamba viatu vinambana. Akajibiwa maneno yaleyale niliyopewa mimi kwenye msiba. Tukaketi kompyuta mbili, tukamwandikia kwa pamoja. Grasiana alisema amefiwa na mbuzi, mimi nikasema nimeoa. Sote wawili tukapewa pole.

Kaka, Hale hakuna mtu. Ni programu, roboti inayocheza yenyewe mchana kutwa bila kuchoka, ikikusanya mali na kuwajibu wanaoisemesha ili waipe zaidi. Dhahabu yake huuzwa kwa wageni wa mbali wasio na subira ya kuchunga. Na aliyeitengeneza ni Isaka, amekiri mwenyewe. Nilipokuwa naandika habari za mama huku machozi yananitoka, yeye alikuwa nyuma yangu anakunywa chai.

Ni Isaka yuleyule niliyekuja naye mwaka juzi, akalala kwako, shemeji akammiminia maziwa. Neno Pakiteng na heshima yake ulimfundisha wewe mwenyewe. Nilipomkabili alisema, "Saruni, ule ni mchezo tu. Hukupoteza ng'ombe hata mmoja." Nimemchukia, kaka, na sioni aibu kukuambia.

Mtamba mrudishe kundini, ila usimuuze. Najua sikio lake mmeshalikata alama kwamba ana mwenyewe, na alama hiyo haifutiki. Nitaiona kila nikija nyumbani.

Nisalimie shemeji na watoto, na wote bomani. Isaka akipita huko apewe maziwa kama mgeni yeyote, lakini msimfundishe neno lingine.

Mimi mdogo wako,
Saruni