Kitanda Chetu Uani

Kolwezi, Cité,
tarehe 21 Agosti 1956

Mpendwa yaya Kabedi, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu za mdogo wako ambaye bado hajazoea kuitwa madamu. Hali yako huko Sandoa ikoje? Kifua cha shemeji Louis kimepona? Watoto wanakula vizuri? Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu, ila vumbi la kiangazi linatukohoza usiku na mchana.

Yaya, mimi ni mke mwenye furaha. Nalitanguliza hilo ili usiogope ukiendelea kusoma. Nkulu akirudi kazini, naisikia kengele ya baiskeli yake tangu kwenye bomba la maji, na moyo unanirukaruka kama wa mtoto. Lakini wiki iliyopita sikuelewa kitu, na hata sasa naelewa nusu tu.

Ilianza na zile foronya ulizonitarizia kwa uzi wa buluu. Ijumaa niliona zimeingia madoa ya kahawia, pale mto unapoegemea chuma cha kitanda. Nilifua mpaka ndimu zikaniishia, nikalia kidogo juu ya beseni. Nkulu alipita, akatazama, akaenda zake. Nikadhani ameona ameoa mke mchafu.

Jumamosi asubuhi akakunja godoro, akafungua kitanda chetu cha arusi, akakitoa uani kipande kwa kipande. Unajua wanavyosema kwetu: kitanda cha ndoa hutoka nje kwa kifo au kwa kurudishana. Na kwetu hakuna aliyekufa. Nilipomwuliza, alinijibu tu ningoje, nitaona. Kisha akaanza kukikwangua kwa brashi ya waya, rangi yote nyeusi ikaanguka chini. Mimi nilisimama mlangoni, nikimpenda na kumwogopa pamoja.

Akaja rafiki yake Feruzi, yule anayepaka rangi malori ya wajomba zake. Alileta kopo la rangi nyekundu na pompi kama ile ya kupulizia dawa ya mbu. Nkulu akaingia ndani mbiombio, akaniomba soksi zangu ndefu nyeupe za arusi. Yaya, nilimpa. Kwanza kitanda, sasa soksi. Nilijiuliza kama kesho ataomba pete.

Majirani nao walikuwa na macho. Mama Mianda wa nyumba ya pili alikuja na wenzake wawili, wakaketi nami jikoni kama kwenye msiba. Akanishika mkono, akasema polepole: "Mwana wangu, kama anakurudisha kwenu, usibebe bitu peke yako. Ita batu baone."

Hapo machozi yakanitoka. Feruzi, aliyekuwa amekuja kuomba maji, alisikia yote. Akacheka mpaka akaegemea ukuta, akamwita Nkulu aje ajitetee kwa bamama. Nkulu akaja na kitambaa puani, mikono myekundu, akatutazama mmoja mmoja. Kisha akaniambia mimi peke yangu, kama hao wengine hawapo: "Kutu ya kitanda inakula mito ya yaya yako. Nilikuona unafua, unalia. Mi sijue kusema, nikaona bora nitengeneze."

Yaya, umewahi kusikia maneno matamu kuliko hayo?

Na soksi zilikuwa za kuchujia rangi, chembe zisizibe pompi. Nkulu akanishika mkono, akanipeleka uani mbele ya wote, akanipa pompi nipulize mimi mwenyewe kichwa cha kitanda. Rangi ilitoka kama ukungu, ikaingia katika yale mapindo ya chuma ambayo brashi haifiki. Nilipokaa mno mahali pamoja ikatiririka, na Feruzi akanitania: "Shemeji, ile ni kitanda, haiko bustani ya mboga."

Nilianza kuupenda wekundu ule. Sasa wananiambia utafunikwa kwa rangi nyeupe, usionekane tena. Nkulu anasema nyekundu ndiyo inayozuia kutu, nyeupe ni ya wageni. Mtu anahangaika hivi kwa kitu cha kufichwa? Ndiyo ndoa ilivyo, yaya? Nieleze wewe uliyetangulia.

Tafadhali nitumie uzi wa buluu kidogo. Madoa hayakutoka, nitayatarizia maua juu yake.

Msalimie shemeji Louis, mama mkubwa Tshiela, na Simone mdogo, umbusu mashavu yote mawili. Mungu ailinde nyumba yenu, na paa na vitanda vyake.

Mdogo wako akupendaye bila kuchoka,

Bilonda

Nimesahau: jana Mama Mianda naye alitoa kitanda chake nje, Feruzi akipulizie. Mume wake aliporudi kazini na kukikuta uani, hakuuliza kitu. Alipitiliza moja kwa moja kuwaita kaka zake waje waone.