Asali Usiipakate, Mama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua ukipanda shambani. Mimi ni mzima ila situlii. Tumbo limeshuka, miguu imevimba, na kule kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi wamenipa likizo. Nguo za mtoto nimezifua mara mbili na hajazaliwa wa kuzivaa. Nakaa, nasimama, naenda dirishani. Nakungoja uje unikande na kumwogesha mjukuu wako, na kila siku nakupandisha ndege kichwani mwangu, na kila siku unakwama kwenye ukaguzi.

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Ukiambiwa jambo unasema "nimesikia," halafu unafanya lako. Kaka Yona akusomee polepole, kisha arudie.

Uwanja wa ndege kila mtu anakaguliwa, hata askofu. Mkoba unapita kwenye mashine, na wewe unapita kwenye mlango unaolia ukiwa na chuma. Kwa hiyo zile pini unazobania khanga zitoe nyumbani, na bangili vua. Kile kisu chako cha kumenyea mapea, kinachokaa mkobani mwaka mzima, kiache jikoni. Mlango ukilia, mwanamke mwenzako atakupapasa. Usimkemee, ndiyo kazi yake. Samli acha kabisa, huku hawairuhusu kuingia.

Sasa asali. Yona kaniambia umeshafungasha, na chupa ya asali ya Baba umeitia kwenye mkoba wa mkononi. Eti, "Hii naipakata mwenyewe mpaka Ujerumani." Mama, nilishikwa na baridi. Sisi watu wa Mgwashi kitu cha maana hatukiweki kwenye buti la basi. Kwenye kona za kushukia Mombo tunakipakata, na begi la nguo ndilo linalotupwa nyuma. Nami nilifanya hivyo hivyo.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Siku ile naondoka, chupa aliyonipa Baba niliipakata toka nyumbani mpaka Dar. Kwenye ukaguzi dada mmoja akaitoa mkobani.

"Hii haipiti. Vitu vya majimaji mwisho mililita mia."

"Si maji, dada, ni asali ya baba yangu."

"Naelewa, mdogo wangu. Ungeiweka kwenye begi kubwa."

Begi kubwa lilikuwa limeshakwenda. Nilifungua kifuniko, nikachovya kidole mara tatu mbele za watu, nikalamba huku nalia. Kisha nikaitia kwenye pipa la taka kwa mkono wangu.

Wiki ile ile Baba akapiga simu: "Mwanangu, asali yangu ikoje?" Nikamwambia tamu, natia kwenye chai. Na kila alipopiga akaniuliza tena, nami nikamdanganya tena, mpaka akafa akiamini niliimaliza. Nisamehe, Mama. Niliona aibu, baadaye nikaona nimechelewa.

Yona anasema chupa uliyofungasha ndiyo ya mwisho aliyorina Baba mwenyewe, na nyuki wameshahama mizinga yake. Ndiyo maana nakuomba, nakupigia magoti na tumbo langu hili: izungushie blanketi, ifunge kwa mfuko wa nailoni mara mbili, uiweke katikati ya begi kubwa. Begi litapimwa, litawekwa kwenye mkanda, litakwenda. Utatamani kulifuata. Usilifuate. Ulichozoea kukipakata ndicho unachotakiwa kukiachia.

Nisalimie Yona na mkewe, shangazi yangu wa Gare mwambie viatu vya sufu alivyofuma vimefika, na mama mchungaji aendelee kuniombea. Mume wangu anakusalimu, shikamoo yake nyingi. Anasema nimeanza kumchosha kwa kuzunguka nyumba.

Kabla hujaondoka utapita kaburini kwa Baba, najua. Habari ya pipa usimwambie. Mwambie tu asali iko njiani.

Mwanao anayekungoja amesimama,
Debora