Jiwe la Baba

Shoga, uko? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Unalijua lile jiwe kubwa kando ya ziwa, ambalo baba alikuwa analipiga mstari wa rangi kila mwaka pale maji yalipofikia? Alipostaafu uaskari wa hifadhi nikaendelea mimi?

Limepakwa rangi. Lote! Jeupe pe!

Nimeshuka asubuhi, ukungu haujatoka mlimani, namkuta fundi rangi anaosha brashi ziwani. Ziwani, shoga! Namuuliza nani kakutuma. "Mkuu wa hifadhi, dada. Kesho kuna wageni, wanataka kupiga picha."

Nikapanda ofisini mbio, hodi sikupiga. Mkuu hata hakushtuka. "Yale madoa yalikuwa yanaharibu mandhari."

Madoa! Miaka thelathini na moja, ya baba na yangu, madoa!!

Yeye anafungua daftari, anashika kalamu, ananikazia macho makavu bila haya:

"Ehe, hebu niambie. Tangu enzi za mzee wako, ziwa limeshuka kiasi gani? Wageni watauliza."