Ufunguo wa Muuza Asali

Jumatano, Maganga amelala

Nimeupata! Mimi huyu huyu niliyempa mwanangu Maganga ufunguo wa gari auchezee wakati namwogesha, naye akaudumbukiza chooni. Na tulikuwa nao huo mmoja tu.

Siku zote hizi mume wangu hakunigombeza. Bora angenigombeza. Jumamosi gari letu la zamani la Kimarekani linambeba bibi harusi kule Nzega, tumeshaahidi, na fundi funguo alisema, "Shemeji, funguo zangu zote za kuchonga haziingii kwenye tundu lile. Za gari hili ziko Marekani."

Leo nilikwenda Isevya kununua asali. Nikamkuta bibi muuzaji anabandua kifuniko cha ndoo kwa ufunguo wa shaba usio na meno. Umbo lake kama la ule wetu uliopotea!

"Shikamoo bibi. Huo ufunguo..."

"Marahaba. Wa marehemu mume wangu, alikuwa fundi wa magari ya Kimarekani. Haujawahi kuchongwa. Wautakia nini?"

Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. "Chukua, mjukuu wangu. Ila uniletee kijiko cha kubandulia ndoo zangu."

Nilikimbia nao nyumbani, nikamwita fundi. Ukaingia kwenye tundu sawasawa! Fundi akauchonga kidogo kidogo, anajaribu, anautoa, anachonga tena, mpaka jioni gari likanguruma. Baba Maganga akapiga honi, majirani wakatoka nje. Akanitazama, akacheka. Nilikuwa nimekikumbuka kicheko hicho.

Maganga mgongoni akanyoosha mkono, anautaka ufunguo.

Nikampa kijiko nilichokuwa nimemnunulia bibi. Bibi nitamnunulia kingine kesho.