Ugonile ya Kwenye Theluji

Ipyana, Februari 1994

Mpenzi Baba Jubilate,

Picha imefika. Kumbe kozi yenu imewapeleka hadi mji mtulivu wa milimani, watu wanateleza kwenye theluji na mbao miguuni! Koti la mitumba nililokununulia limekukaa. Sisi wazima, kakao yetu sasa inagombaniwa na wanunuzi binafsi.

Huyo dada mwenye nyumba ya wageni, aliyekuegemea pichani, unasema umemfundisha Kinyakyusa, kila asubuhi anakuamkia "ugonile". Mgeni si huambiwa "mugonile", kwa heshima? "Ugonile" ni ya mtu uliyemzoea. Mimi mwenyewe nilikuambia "mugonile" mpaka tulipooana. Yeye kakuzoea lini?

Haya. Mugonile, Baba Jubilate.

Mkeo bado,
Asifiwe