Ukumbi Umejaa, Mke Yuko Nje

Baba Restituta,

Ugali uko kwenye hotpoti, usipa nimewafunika. Restituta akirudi kutoka kwa bibi yake, mpe ale kwanza. Kahawa uliyoanika uani uiingize, mawingu yanakuja.

Mimi naenda mjini Mbinga, kwenye banda la video. Usishangae. Tangu ununue deki unasema sinema bila utaratibu si sinema. Nikakubali kupanga foleni mlangoni mwa nyumba yangu. Nikakubali unimulike tochi kunionyesha kochi ambalo vitambaa vyake nimevifuma mwenyewe. Lakini leo asubuhi natoka kisimani, unanizuia: "Samahani mama, ukumbi umejaa."

Mimi mkeo, Wendelin! Na ndani jirani yetu mzee Ladislaus anakunywa chai yangu, ananiambia nifunge mlango, mwanga unaharibu picha. Nimesimama nje na ndoo kichwani mpaka sinema ikaisha. Kilichoniuma si picha. Nilingoja ucheke, hukucheka.

~~Usinifuate.~~

Ukishakula, njoo tuangalie pamoja. Nina hamu ya kukaa na mume wangu. Bawabu nimemchoka.

Mama Restituta